Samaki wa Miamba ya Ziwa Nyasa Katika Tangi Jipya

Ziwa Nyasa halina tumbawe hata moja. Matumbawe yanayojenga miamba ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, yanahitaji maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, kalsiamu nyingi, na mwanga mkali wa kulisha mwani unaoishi ndani ya miili yao. Kuyafuga Kyela, mamia ya kilomita kutoka baharini, kungelazimu kuagiza chumvi, taa na vipimo ambavyo hata Dar es Salaam havipatikani kila duka. Lakini mfugaji wa kata ya Bujonde, au wa kata nyingine yoyote ya tambarare ya Kyela, hana haja ya kuihangaikia bahari. Ziwa la kwao lina samaki wa miamba ambao kwa rangi hawapitwi na samaki wa matumbawe: buluu, njano, rangi ya chungwa, milia myeusi. Hao ni jamii ya sikilidi, ambayo ndani ya ziwa hili inakadiriwa kuwa na spishi kati ya 700 na 1,000. Karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani.

Ajabu ni kwamba samaki hao wanajulikana zaidi kwa wafugaji wa Ujerumani na Marekani kuliko kwa wakazi wa Kyela wenyewe, na sababu ni umbo la ufuko. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashusha tope na mchanga kutoka Rungwe na milima ya jirani, hivyo sehemu kubwa ya ufuko wa kaskazini ni mchanga, matope na matete. Huko ndiko kwenye usipa na perege, na mbasa anayepanda mitoni kutaga. Miamba inaanzia Matema, pale Milima ya Livingstone inapozama ziwani kwa mteremko mkali, na kuendelea kusini kupitia pwani ya Ludewa hadi Mbamba Bay. Samaki wa miamba hawavuki mchanga kwa urahisi. Mtu anaweza kuzaliwa na kuzeekea Bujonde, akala samaki wa Nyasa maisha yake yote, asimwone hata mmoja wa hao, kwa sababu ni wadogo, wengi wa sentimita 8 hadi 12, na mvuvi hana faida ya kuwahangaikia.

Kutokuvuka huko kwa mchanga ndiko kulikozaa wingi wa spishi, na ndiko kunakowasumbua wanaojaribu kuwatambua. Kila kisiwa cha mawe kina watu wake. Samaki wa rasi moja anaweza kuwa na pezi la njano, na ndugu yake wa rasi inayofuata akawa na pezi jeupe. Wafugaji makini kwa hiyo hutaja mahali pamoja na jina, na samaki asiyejulikana alikotoka huhesabiwa kuwa nusu ametambuliwa. Chindongo demasoni, samaki mdogo wa milia ya buluu nzito na buluu hafifu, ni mfano mzuri wa upande wa Tanzania. Alipewa jina la kisayansi na Ad Konings mwaka 1994, na makazi yake ya asili ni eneo dogo la mawe la Pombo na Ndumbi. Maduka ya samaki ya Ulaya yana samaki huyu kwa maelfu, ilhali kwao ni mwamba ambao mtumbwi unauzunguka kwa muda mfupi tu.

Anayeanza hukimbilia rangi. Hilo ni kosa, kwa sababu rangi ndiyo alama inayobadilika kuliko zote. Melanochromis auratus jike na mtoto ni wa njano mwenye milia myeusi na myeupe. Dume akishatawala eneo lake hugeuka mweusi mwenye milia hafifu, kana kwamba picha imepinduliwa. Wapo walionunua samaki sita wa njano wa kufanana, na baada ya miezi michache wakadhani muuzaji aliwachanganyia spishi mbili. Katika Maylandia zebra na Labeotropheus kuna majike wenye mabaka meusi juu ya rangi ya chungwa, jambo la kawaida ziwani, lakini dume wa mabaka ni nadra. Labidochromis caeruleus, yule wa njano safi anayeuzwa kila mahali, katika sehemu nyingi za ziwa ni mweupe; wa njano alitoka kipande kifupi cha pwani ya magharibi, upande wa Malawi.

Alama za kuaminika ziko kwenye mdomo, kwenye mwelekeo wa milia na kwenye makazi. Labeotropheus fuelleborni, ambaye jina lake linamkumbuka daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn aliyekusanya samaki ziwani humo mwishoni mwa karne ya 19, ana pua nene inayoning'inia juu ya mdomo. Mdomo wenyewe umefungukia chini, kwa hiyo anakwangua mwani huku mwili wake ukilala sambamba na jiwe. Wengine wengi hulazimika kusimama wima mbele ya jiwe ili meno yaguse, na wimbi likipita huwayumbisha. Jamii ya Labidochromis ina meno ya mbele marefu na membamba ya kuchopoa wadudu katikati ya mwani. Maylandia ana meno ya nje yenye ncha mbili, ilhali Cynotilapia, wa umbo linalokaribiana naye, ana meno ya ncha moja. Upande wa milia, Chindongo demasoni hukanganywa mara nyingi na samaki wa kisiwa cha Likoma anayeuzwa kwa jina la maingano. Wote ni wa buluu mbili. Tofauti ni kwamba milia ya demasoni inashuka kutoka mgongoni kwenda tumboni, na ya maingano inakwenda kutoka kichwani hadi mkiani.

Majina nayo yana vurugu yake. Samaki aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1899, na kwa miaka mingi akaitwa Pseudotropheus zebra, leo anaandikwa Maylandia zebra na baadhi ya wataalamu na Metriaclima zebra na wengine. Mfugaji hana sababu ya kuingia katika mabishano hayo. Inatosha ajue kwamba majina hayo matatu ni ya samaki mmoja. Linalomhusu zaidi ni samaki wasio na makazi yoyote ziwani. Aulonocara wa mabaka anayeuzwa kwa bei nzuri ni chotara aliyezalishwa na wafugaji, na hakuna mwamba wa Nyasa atakakopatikana. Kumfuga si dhambi. Kumuuza kama samaki wa asili ni udanganyifu.

Katika matunzo, kumjua samaki kwa makazi yake kuna uzito kuliko kumjua kwa jina. Mbuna, wakazi wa mawe, hula mwani ulioota juu ya mwamba pamoja na vijidudu vilivyomo, wanalinda vipande vyao vya eneo na ni wagomvi. Utaka, jamii ya Copadichromis, huelea kwa makundi juu ya miamba wakila vijidudu vya majini. Ni wapole na wanahitaji nafasi ya kuogelea. Lethrinops na Aulonocara ni wa mchangani au wa mpaka wa mchanga na mawe. Wanatafuta chakula chao ndani ya mchanga na huonewa wakiwekwa na mbuna wakali. Halafu kuna wawindaji. Nimbochromis livingstonii hulala chini kama mzoga mwenye mabaka, na kisamaki kinachosogea kudonoa hakirudi. Kuwachanganya mbuna, utaka na mwindaji katika kioo kimoja kwa sababu wote wanatoka Nyasa ni sawa na kuweka mbuzi, kuku na chui banda moja kwa sababu wote wanatoka Rungwe.

Samaki hupatikana kwa njia mbili. Biashara ya kuwasafirisha ilianza upande wa Malawi miaka ya 1960, na pwani ya Tanzania ikafunguliwa baadaye. Leo wengi wanaouzwa duniani wamezaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji, wala hawajawahi kuonja maji ya Nyasa. Anayetaka kuvua mwenyewe Matema, hasa kwa biashara, anawajibika kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na wa kumwendea kwanza ni ofisa uvuvi wa wilaya. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, nayo ina kituo Kyela. Samaki anayetolewa kina kirefu haletwi juu kwa mara moja, kwa kuwa kibofu chake cha hewa huvimba na kumgeuza tumbo juu. Hupandishwa kwa hatua. Safari ya barabara ina hatari yake pia. Kutoka Kyela kwenda Mbeya gari linapanda kutoka joto la ziwani hadi baridi ya Tukuyu, na mfuko wa samaki uliowekwa wazi nyuma ya gari hupoa upesi. Mfuko hujazwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, ukafungwa ndani ya kasha la kuhifadhi joto, na samaki huwa hajalishwa kwa siku moja au mbili ili asichafue maji hayo machache.

Tangi la kuanzia lisipungue lita 200, na lililo refu ni bora kuliko lililo la kwenda juu, kwa sababu mbuna hugawana sakafu. Maji peke yake yatakuwa na kilo 200. Ongeza mawe, mchanga na kioo, na meza ya kawaida ya sebuleni haitahimili. Mawe yatangulie mchanga, yakalie chini kabisa kwenye tako la tangi, ikiwezekana juu ya karatasi nene ya plastiki. Anayemwaga mchanga kwanza na kupanga mawe juu yake atakuta wiki chache baadaye samaki wamefukua, jiwe limelala, na kioo kimepata ufa. Rundo lifike karibu na uso wa maji na liwe na matundu mengi ya kupenya. Kwa hili Kyela ina bahati ambayo wafugaji wa mbali hawana. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyouzwa soko la Lyulilo karibu na Matema, ni udongo uliochomwa bila rangi ya kemikali. Chungu kidogo kilichovunjika mdomo, kikalazwa ubavu kati ya mawe, ni pango ambalo jike mwenye mayai atalipenda kuliko mapambo ya plastiki ya dukani. Kioshwe kwa maji matupu, bila sabuni.

Kuhusu maji yenyewe kuna imani iliyokuzwa mno, kwamba samaki wa Nyasa wanahitaji maji magumu sana na unga maalumu wa madini. Ziwa lina pH ya 7.7 hadi 8.8, lakini madini yake si mengi hivyo. Ziwa Tanganyika lina mengi zaidi. Kinachohitajika ni maji ambayo pH yake haiyumbi wala haishuki chini ya 7.5. Maji ya mvua, ambayo Kyela inayo tele, ni laini kupita kiasi: hayana kitu cha kuizuia pH isianguke kadiri uchafu unavyoongezeka. Dawa rahisi ni mawe ya chokaa ndani ya chujio au kati ya mawe ya tangi. Upande wa Mbeya na Songwe chokaa ipo, ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji, na jiwe lake hujulikana kwa siki: likidondoshewa matone machache hutoa povu. Vitabu vya kigeni hushauri mchanga wa matumbawe kwa kazi hiyohiyo. Ushauri huo una maana Florida, si Kyela. Kuvunja matumbawe ya pwani ili kupandisha pH ya tangi la Nyasa ni uharibifu usio na sababu. Maji ya bomba yenye klorini hukaa kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumika.

Joto ni suala la mahali. Maji ya juu ya ziwa huwa kati ya nyuzi 23 na 28 za Selsiasi. Kyela mjini au Bujonde hita haina kazi. Tatizo huko ni miezi ya joto, kwani maji yakipita nyuzi 29 yanapoteza oksijeni, na tangi halitakiwi kukaa karibu na dirisha la magharibi wala chini ya bati lisilo na dari. Tangi hilohilo likihamishiwa Tukuyu au Mbeya, hita ni lazima, hasa Juni na Julai.

Sasa kinachoua samaki wengi wa mwanzo kuliko ugonjwa wowote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na tangi jipya halina bakteria wa kuiondoa. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo huvumilika kwa kiasi na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Makundi haya mawili huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Mfugaji wa samaki wa Nyasa ana sababu ya ziada ya kusubiri, nayo haielezwi vya kutosha. Ukali wa amonia hutegemea pH. Katika maji ya pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali ya sumu. Katika pH 8.3, maji hasa anayoyataka mbuna, sehemu hiyo inakaribia asilimia 10. Kiasi ambacho samaki wa maji ya asidi angekivumilia kinamchoma mbuna matamvua.

Kwa hiyo chujio na pampu huwashwa tangi likiwa tupu, na chembe chache za chakula hutiwa kila siku zioze na kuwalisha bakteria. Sponji chafu ya kutoka tangi la zamani la jirani hufupisha kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Samaki huingia pale tu vipimo vinapoonyesha amonia sifuri, nitriti sifuri na nitrati inayopanda. Katika kipindi hicho mawe huvaa utando wa kahawia, kisha wa kijani. Wenye tangi jipya huusugua kwa hofu. Uachwe, isipokuwa kwenye kioo cha mbele. Ndio malisho ya mbuna.

Katika idadi, mbuna wanakwenda kinyume na busara ya kawaida. Wawili au watatu katika tangi kubwa humalizana, maana mkubwa anamwandama mmoja mpaka afe. Ishirini katika lita 200 hadi 250 hugawana ugomvi, mradi chujio liwe na nguvu na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Kila dume mmoja apate majike watatu au zaidi, na waingizwe kwa pamoja au kwa makundi, ili asiwepo mwenyeji wa kuwaonea wageni. Demasoni ni mkali hasa kwa wenzake wa spishi yake. Hufugwa kundi la 12 au zaidi, au asifugwe kabisa. Kwa tangi la kwanza, Labidochromis caeruleus na Iodotropheus sprengerae wa rangi ya kutu ni chaguo salama. Melanochromis auratus, ambaye huuzwa kwa wanaoanza kwa kuwa ni mzuri na wa bei nafuu, hafai. Dume wake mmoja anaweza kumiliki tangi zima.

Chakula ni kifupi kukieleza na kigumu kukitekeleza, kwa sababu samaki huyu huomba kila anapoona mtu. Utumbo wa mbuna anayekula mwani ni mrefu, umeumbwa kwa malisho duni yanayopita muda wote. Akilishwa nyama, moyo wa ng'ombe au unga wa dagaa kila siku, huvimba tumbo, hutoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, huacha kula na kufa ndani ya siku chache. Wafugaji duniani wanauita ugonjwa huo kwa jina la ziwa, na chanzo chake bado kinabishaniwa, lakini chakula kisichofaa, msongo na maji machafu vinatajwa daima. Punje zenye spirulina, mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto na vipande vya tango vinatosha, kidogo mara mbili kwa siku, na siku moja ya wiki bila chakula. Labidochromis caeruleus, mla wadudu, huvumilia protini zaidi. Usipa aliyekauka abaki kuwa kitoweo cha nyumbani, au chakula cha akina Nimbochromis.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni oksijeni. Pampu ndogo ya betri inatosha kwa saa kadhaa, na asiyekuwa nayo achote maji kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Hatari ya pili huja umeme unaporudi. Bakteria waliofungwa ndani ya chujio bila maji yanayotembea hufa, na chujio likiwashwa hivyo hivyo baada ya saa nyingi humwaga uozo wote tangini. Sponji ikamuliwe kwanza katika ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa klorini huwamaliza waliosalia.

Tangi likitulia, samaki watazaliana bila kuombwa. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la nyuma ya tumbo yanayofanana na mayai. Jike hutaga, huyachukua mayai mdomoni mara moja, na akiyadonoa madoa hayo hupokea mbegu za dume. Hubaki na mayai mdomoni kama wiki tatu, koo limetuna, bila kula au akila kwa shida, na hutema watoto waliokwisha kuwa samaki kamili wa sentimita moja hivi. Ndani ya mwaka mmoja mfugaji ana samaki kuliko nafasi.

Hapo ndipo mkazi wa Kyela anapotofautiana na mfugaji wa Berlin, maana ziwa liko karibu na mto uko nyuma ya nyumba. Huko Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, samaki wa sehemu nyingine za ziwa waliachiwa katika enzi za mwanzo za biashara hiyo. Cynotilapia afra alikuwa mmojawapo, na amekwisha kuzaa machotara na zebra wa kisiwani, ingawa eneo hilo limo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1984. Samaki waliokulia pamoja kwenye kioo huchanganyika damu kwa urahisi zaidi, na huweza kubeba vimelea vya tangi. Waliozidi wauzwe, wapewe mfugaji mwingine au waliwe. Wasimwagwe Songwe, wala Kiwira, wala ziwani, hata kama walivuliwa humo humo.